Karafuu Zisizoanuliwa: Namna Hisi Zinavyojenga Mudi ya Hadithi

Mpe mwanafunzi kifungu cha hadithi, mwambie achambue taswira za hisi na mudi yake, yaani hali ya moyo inayomjaa msomaji, na aghalabu utarudishiwa orodha. Taswira ya mwono: wingu. Taswira ya mnuso: harufu ya karafuu. Taswira ya usikivu: kiti kinachoburuzwa. Kisha mstari mmoja chini yake: mudi ni ya huzuni. Kila kitu kwenye orodha hiyo kinaweza kuwa sahihi na bado uchambuzi ukawa haujaanza, kwa kuwa hakuna aliyeeleza imekuwaje wingu, karafuu na kiti vikaleta huzuni, wala kwa nini isiwe hofu, au utulivu, au hata furaha.

Siwalaumu wanafunzi peke yao. Tumezoea kufundisha taswira kwa mafungu: mwono, usikivu, mnuso, mwonjo, mguso, na wengine huongeza mwendo. Hisi tano zenyewe ni mpangilio wa zamani sana. Mwanafalsafa wa Ugiriki Aristotle alizijadili moja baada ya nyingine karne ya 4 kabla ya Kristo na hatujaziacha mpaka leo. Mafungu hayo yanafaa kuanzia, hasa kwa msomaji ambaye hajazoea kusimama kwenye sentensi na kujiuliza ameonyeshwa nini. Shida huja anapodhani akishajaza mafungu yote kazi imekwisha.

Badala ya kuendelea kusema juu juu, tuchukue kifungu. Nimekitunga kwa ajili ya makala haya, na nimekiweka Pemba, msimu wa karafuu.

Basi lilimshusha njia panda, likaondoka na kelele zake. Salim akabaki na harufu ya karafuu. Ilikuwa imetanda kila mahali, nzito, ya kuwasha koo, kama zamani. Mbele ya nyumba ya kaka yake majamvi matatu yalikuwa yametandazwa uwanjani, yamejaa karafuu nusu kijani nusu kahawia, na kuku mmoja akitembea juu yake bila wa kumfukuza. Upande wa baharini wingu lilikuwa limeshasimama. Upepo ukaja, wa baridi, ukainua ncha ya jamvi na kuiangusha. Pa. Ukainua tena. Pa. Akapiga hodi. Ndani kiti kiliburuzwa, kisha hakikuburuzwa tena. Mlango ukafunguka. Sakafu ilikuwa baridi chini ya nyayo zake, imepigwa deki si muda mrefu, na juu ya meza palikuwa na kikombe kimoja cha chai ya maziwa iliyokwisha kufanya utando. “Karibu, shemegi,” ilisema sauti kutoka chumbani. “Mvua bado?”

Kabla hujaendelea, rudia kukisoma na utafute neno la hisia. Hakuna huzuni, hakuna hofu, hakuna wasiwasi. Hatuambiwi Salim anajisikiaje. Na bado wasomaji wengi wakifika mwisho watakuwa na kitu kinachowakaa kifuani. Kitu hicho ndicho mudi, na tusikichanganye na jirani zake wawili. Toni ni msimamo wa msimulizi kwa anachokisimulia: anaweza kukejeli, kuheshimu, kulaumu. Hapa toni ni kavu kabisa, msimulizi anahesabu vitu na kunyamaza. Hisia za mhusika nazo ni mali yake mwenyewe. Salim anaweza kuwa ameshuka basini amefurahi kurudi kwao, huku msomaji tayari moyo unamwenda mbio. Tofauti hiyo ikikupotea, utaandika “Salim ana huzuni” mahali ambapo hakuna hata neno moja la kukuunga mkono.

Tuanze na harufu, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Anayesoma haraka ataandika kwamba harufu ya karafuu inaleta mudi ya kupendeza. Karafuu zinanukia, hilo nani atabisha. Lakini mtu aliyekulia Wete au Mkoani, kulekule Pemba, hasomi harufu peke yake. Anasoma na jamvi. Karafuu huchumwa zikiwa vitumba, kabla ua halijafunguka, zikatengwa na makonyo yake, yaani vijiti vyake, kisha zikaanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka zibadilike kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia iliyoiva. Siku hizo zote ni za kuangalia juu. Wingu likisimama, kazi nyingine zote husubiri: watoto wanaitwa, majirani wanakuja kusaidia, karafuu zinaanuliwa. Karafuu iliyonyeshewa inaharibika rangi, na rangi ikiharibika daraja hushuka na bei hushuka nayo zinapofikishwa kwenye kituo cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar.

Sasa rudi uwanjani. Majamvi matatu. Nusu kijani nusu kahawia, maana yake kazi imefika katikati, si mtu aliyesahau kirundo kidogo. Kuku anatembea juu ya mali na hakuna wa kusema “shii!” Wingu limeshasimama na hakuna aliyetoka. Kilichoandikwa ni kwamba nyumba hii imekatizwa ghafla na jambo zito kuliko msimu mzima wa karafuu. Harufu ile nzuri imegeuka kuwa ushahidi wa mkono ambao haupo. Sentensi haikubadilika, ila ujuzi wa msomaji juu ya kitu kilichotajwa ndio umeipa uzito mwingine.

Ndiyo maana siziamini zile jedwali zinazozunguka mitandaoni za “giza ni hofu, jua ni furaha, mvua ni huzuni”. Mvua ya kwanza kwa mkulima wa Dodoma aliyengoja miezi ni ahueni, mtu anaweza kutoka nje alowe kwa makusudi. Mvua hiyohiyo kwa mwenye karafuu jamvini ni hasara. Jua la mchana kwa anayeanika ni neema. Kwa mgonjwa anayesubiri usafiri barabarani ni adha. Taswira haiji na mudi yake mfukoni. Inaipata kutokana na nani anayeihitaji, wakati gani, na kitu gani kimewekwa kando yake.

Harufu ina upekee wake, na waandishi huujua hata kama hawajausomea. Habari za pua hufika kwenye maeneo ya ubongo yanayohusika na kumbukumbu na hisia kwa njia fupi kuliko habari za macho au masikio, ambazo hupitia kwanza kituo cha kati. Si ajabu basi kwamba katika kifungu chetu harufu ndiyo inayobeba maneno mawili pekee yanayogusa maisha ya nyuma ya Salim: “kama zamani”. Hatuambiwi zamani ipi. Tunajua tu kwamba mtu huyu amekuwa mbali, na kwamba pua yake imefika nyumbani kabla yake. Maneno hayo pia yanatujibu swali ambalo mchambuzi anapaswa kuuliza kwa kila taswira: anayehisi ni nani? “Kama zamani” ni ya Salim, si ya msimulizi. Kuanzia hapo tunaona kwa macho yake, na kutojua kwake kunakuwa kutojua kwetu.

Sasa masikio. Basi linaondoka “na kelele zake”. Mwandishi angeweza kuandika “palikuwa kimya”, lakini hajaandika. Ametupa kelele kisha akaziondoa, na kimya tukakijaza wenyewe. Ndani ya kimya hicho ndipo tanakali “pa”, neno linaloiga sauti, inapopata nguvu. Ni herufi mbili tu, na katika uwanja wenye watu tusingeisikia. Angalia pia kwamba inatokea mara mbili na haiendi popote. Kiambishi -ka- katika “ukaja, ukainua” kwa kawaida husukuma hadithi mbele, tendo moja likizaa jingine: akaamka, akanawa, akatoka. Hapa kinasukuma mbele halafu kinarudi palepale: ukainua, ukainua tena. Hadithi inapiga hatua bila kusogea. Msomaji hahitaji kujua sarufi ili ahisi hilo, ila mchambuzi akiweza kulionyesha atakuwa ametoa ushahidi ambao hakuna anayeweza kuupinga. Na yule kuku “akitembea” yuko kwenye -ki-, tendo lililo katikati, lisilo na mwanzo wala mwisho. Ametembea kwa muda gani? Hatujui. Huenda tangu asubuhi.

Mahali ninapopapenda zaidi ni pale mlangoni. “Kiti kiliburuzwa, kisha hakikuburuzwa tena. Mlango ukafunguka.” Kiti kimetendwa, lakini mtendaji hatajwi. Mlango haujafunguliwa na mtu. Umefunguka, kana kwamba wenyewe. Kiswahili kina njia tatu za kuusimulia mlango huo: mtu akafungua mlango, mlango ukafunguliwa, mlango ukafunguka. Kila hatua inamwondoa mtu zaidi, na mwandishi amechagua ya mwisho. Kisha sauti inatoka chumbani. Ikiwa shemeji yuko chumbani, mlango umefunguliwa na nani? Pengine mtoto, pengine upepo uleule, pengine mlango haukuwa umefungwa vizuri. Kifungu hakisemi, na hapo ndipo wasiwasi unapopata pa kuota mizizi. Mwalimu akiniuliza mudi inatoka kwenye maneno gani hasa, nitaweka kidole kwenye ile -k- ya mwisho, ya kutendeka, katika “ukafunguka” kabla ya kuligusa wingu.

Kuna jambo jingine ambalo orodha ya mafungu haiwezi kulinasa kabisa, kwa sababu ni la kile kisichokuwepo. Tazama kifungu kizima uniambie Salim amemwona nani. Hakuna. Kiumbe hai pekee anayeonekana ni kuku. Watu wapo, lakini wapo kwa alama tu: kiti kilichoburuzwa, sakafu iliyopigwa deki, kikombe kilichoachwa, sauti. Hisi ya kuona, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye taarifa nyingi, imenyimwa uso wa mtu. Mwonjo nao umenyimwa: chai ipo na imeshafanya utando, hakuna aliyeionja. Mchambuzi anayetafuta taswira ya mwonjo ataandika “hakuna” na kupita, ilhali chai isiyonywewa katika nyumba ya watu wa chai ina mengi ya kusema. Mtu alimiminiwa, au alijimiminia, kisha akashindwa kuinua kikombe.

Mpangilio nao una kazi yake. Tumeanzia njia panda, mahali pa wazi, tukasogea uwanjani, tukatazama mbali baharini, kisha tukavutwa mpaka mlangoni na ndani. Hisi zimefuata safari hiyo. Harufu imetanda kila mahali, jamvi linaonekana kwa hatua kadhaa, upepo unagusa mwili, na mwisho sakafu iko chini ya nyayo. Kila sentensi inakaribia ngozi. Baridi imekuja mara mbili, kwanza ya upepo, kisha ya sakafu, na mara ya pili haina hata kiatu cha kuizuia. Hatukuambiwa kwamba Salim alivua viatu. Adabu ya nyumba ya Kiislamu imetuambia. Hofu inayomkaribia mtu polepole namna hii haifanani na ile inayomrukia.

Hapo kwenye hofu lazima tupime maneno yetu. Wengi wangejibu kwamba mudi ni ya msiba. Mimi pia nimeyaona majamvi na kukumbuka kwamba jamvi ndilo linalotandikwa watu wakija kuhani. Lakini kifungu hakijasema kuna aliyefariki. Huenda kaka anaumwa chumbani, huenda ameondoka na hajulikani alipo, huenda kuna ugomvi wa ndoa ambao Salim amefika katikati yake. Na uwanja hauna watu. Msibani Pemba uwanja ungejaa. Kwa ushahidi tulio nao, mudi ni wasiwasi wenye harufu ya huzuni, si huzuni yenyewe. Neno moja mara nyingi halitoshi kutaja mudi. Maneno mawili, moja likilipunguza au kulielekeza jingine, husogea karibu zaidi na tunachohisi: utulivu wa kutisha, furaha yenye haraka, upweke usio na kinyongo.

Njia bora ninayoijua ya kuthibitisha kwamba hujabahatisha ni kukivuruga kifungu. Badilisha vitu vichache, acha vingine vilevile, uone mudi inakwenda wapi:

Basi lilimshusha njia panda, likaondoka na kelele zake. Harufu ya karafuu ilikuwa imetanda kila mahali, nzito, ya kuwasha koo, kama zamani. Uwanjani watoto wawili walikuwa wakianua mbiombio, jamvi moja limeshakunjwa, la pili wanavutana ncha, na kuku anayekatiza katikati yao akipigiwa kelele na kila mtu. Upande wa baharini wingu lilikuwa limeshasimama. “Shemegi, usisimame hapo kama mgeni!” alipaza sauti mke wa kaka yake akitoka mlangoni, unga bado mikononi. “Shika upande huo!”

Sentensi ya wingu sikuigusa. Harufu ni ileile, na kama zamani bado ni kama zamani. Kuku yupo. Lakini sasa “kama zamani” ni tamu, na wingu limekuwa saa ya mchezo inayowahimiza wote. Kilichobadilika ni kwamba kila kitu kimepata mtu wa kukishughulikia: jamvi lina watoto, kuku ana wa kumfukuza, mlango una mwenyewe, na mwenyewe ana mikono tunayoiona. Jaribio hili linatupa jibu kwa maneno machache. Katika kifungu cha kwanza, mudi haikujengwa na wingu wala na karafuu, ilijengwa na vitu vinavyohitaji mtu na mtu hayupo.

Kuhusu wingu, kuna mjadala wa zamani unaofaa kutajwa. Mwaka 1856 mhakiki wa Uingereza John Ruskin aliwakosoa waandishi wanaovipa vitu vya asili hisia za binadamu: bahari yenye ukatili, majani yanayocheza kwa furaha. Kwake huo ulikuwa uongo unaozaliwa na hisia kali. Sikubaliani naye kila mahali, maana tashihisi ni chombo halali na fasihi yetu simulizi imejaa upepo unaosema na mawe yanayojibu. Lakini anatusaidia kuona tofauti. Wingu letu halilii na halina hasira. Linatishia karafuu, basi. Mvua inayonyesha kwa kuwa tu mhusika ana huzuni ni pambo. Mvua itakayoharibu kitu cha mhusika imeingia kwenye hadithi yenyewe, na mudi yake ina sababu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, mshairi na mhakiki T. S. Eliot alidai kwamba hisia katika sanaa haipatikani kwa kuitaja, hupatikana kwa vitu, hali na mfululizo wa matukio ambavyo vikiwekwa mbele ya msomaji vitaiamsha. Unaweza kumbishia Eliot kwa mengi, lakini jamvi, kuku na kikombe vinasimama upande wake.

Vipi basi kuyaandika haya yote kwenye karatasi, saa inakwenda? Mtahini wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, kule Kenya, au wa fasihi huku Tanzania, hatakupa kurasa tano. Aya moja inaweza kutosha ikiwa kila dai lina neno lake kutoka kifunguni. Kwa mfano:

“Mudi ya kifungu ni wasiwasi unaoelekea huzuni. Mwandishi anaanza na taswira ya mnuso inayofahamika na Salim, ‘kama zamani’, kisha anaizunguka na dalili za kazi iliyoachwa: majamvi ‘yamejaa karafuu nusu kijani nusu kahawia’, kuku ‘bila wa kumfukuza’, na wingu ambalo ‘limeshasimama’. Kwa kuwa karafuu zilipaswa kuanuliwa, msomaji anajiuliza ni jambo gani limewazuia wenyeji. Tanakali ‘pa’ inayorudiwa inaonyesha ukubwa wa kimya, na kauli ya kutendeka katika ‘mlango ukafunguka’ inamficha mtendaji. Hadi mwisho hakuna uso wa mtu unaoonekana.”

Maneno hayafiki 90, na mafungu ya hisi yametajwa pale tu yalipohitajika. Ukilinganisha na ile orodha ya mwanzo, vitu ni vilevile kwa sehemu kubwa. Kilichoongezeka ni “kwa kuwa” na “inamficha”, yaani maunganisho.

Kuna sehemu ambazo wasomaji wawili makini watatofautiana na wote wakawa na haki. Mfano ni deki. Mmoja atasema nyumba imepigwa deki kwa sababu watu wanatarajiwa, na atauona msiba unakuja. Mwingine atasema shemeji ameipiga deki kwa sababu mikono ya mtu mwenye hofu hutafuta kazi ndogo ya karibu, na karafuu za nje zimekuwa mbali mno kwake hata kama ni hatua kumi. Mimi naegemea wa pili, kwa sababu ya lile swali lake, “Mvua bado?” Anajua mvua inakuja. Anajua karafuu ziko nje. Ameuliza bila kutoka chumbani. Anayetaka kuegemea wa kwanza atafute neno lake kifunguni. Nadhani ataanza na “kiti”, na hoja yake haitakuwa mbaya.